Kijani Siku ya Ukaguzi

Jumatatu, 6 Machi

Leo miezi kumi na minne na siku nne tangu nitoke nyumbani kuja kufanya kibarua kwenye matangi haya ya maji. Nahesabu mwenyewe, maana hakuna mwingine hapa wa kunihesabia.

Asubuhi Fasta alitupanga mstari mbele ya stoo. Huyu ndiye nyapara wetu. Jina lake la kweli liko kwenye karatasi za ofisini, lakini kila akifungua mdomo ni fasta, fasta, hata ukiwa chooni anakugongea mlango fasta. Basi limemganda. Akasema bodi ya maji imeleta agizo. Ule mteremko ulio wazi nyuma ya ofisi mpya upandwe miti. Si maua wala nyasi. Mierezi ya kienyeji, ile ya milimani, inayobaki kijani mwaka mzima. Safu nane kutoka kwenye matangi mpaka barabarani, izuie upepo na kuficha ukuta.

Mtu mmoja ataachiwa miti hiyo mpaka mkaguzi aje tarehe 12 Mei. Miti ikipita, mtu huyo anapata likizo ya wiki tatu. Isipopita atangoja ukaguzi mwingine, Novemba.

Likizo! Tuliinua mikono wanne. Kinyozi, ninayelala naye chumba kimoja, aliinua wa kwake nikiwa nimeshainua wangu. Fasta akanichagua mimi. Si kwa kunipenda. Alisema Profesa, ndivyo wanavyoniita, ana daftari, ataiandikia miti barua. Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, meno tu.

Kinyozi hakucheka.

Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa miezi miwili baada ya mimi kuondoka. Wiki hii anatimiza mwaka. Namjua kwa picha ya simu tu, na simu yenyewe ina ufa unaompita katikati ya uso. Miti ikipita, ninamwona. Isipopita, Novemba. Mpaka Novemba atakuwa anakimbia.

Alhamisi, 9 Machi

Miche imekuja kwa lori. Imeletwa na mwanamke mwenye kitalu, mfupi, mikono kama ya fundi chuma. Mama Kitalu, ndivyo dereva anavyomwita. Hakusalimia mtu. Alipanda nyuma ya lori akaanza kutugombeza kabla hatujagusa kitu. Mtu asishike mche kwa shina! Ashike mfuko!

Kila mche unanifika magotini. Majani yake si majani, ni kama magamba madogo madogo yaliyosukwa. Ukiyafikicha yananukia penseli iliyochongwa sasa hivi. Nilinusa nikakumbuka darasa la nne, ambako ndiko nilikoishia.

Mama Kitalu aliniuliza, ni mimi nitakayebaki nayo? Nikasema ndiyo mama. Akanitazama kama mtu anayeachia mtoto kwa jirani asiyemwamini. Alisema punje zake alikwenda kuziokota mwenyewe msituni, chini ya miti mikubwa iliyobaki, na kwamba katika punje kumi huota mbili, na hizo mbili huota zikitaka. Miaka mitatu ameilea. Kisha akanihesabia kwa vidole. Chana mfuko wote, usiache hata kipande. Usifukie shingo ya mti. Na maji ni ndoo moja kwa wiki. Mvua ikinyesha, acha.

Ndoo moja kwa wiki! Nilidhani sikusikia vizuri. Nikarudia, ndoo moja kwa siku? Akasema, "Kwa wiki, baba. Huu ni mti wa mlimani. Umezoea jiwe na upepo, haujazoea kubembelezwa."

Mchoyo hata wa maji yasiyo yake.

Jumanne, 14 Machi

Siku nne za kupanda. Mgongo umekwisha.

Mashimo yamechimbwa na katapila. Fasta aliliazima kwa siku moja, likatoboa mteremko mzima fasta fasta. Udongo wa hapa ni wa mfinyanzi, mwekundu, unateleza kama sabuni. Lile sepetu la chuma limesugua kuta za mashimo mpaka zinang'aa. Ukitazama ndani unaona kama chungu kilichofinyangwa tayari kuokwa. Nilimwambia Fasta mizizi itapenya wapi humo. Akaniuliza kama nimeajiriwa na mizizi.

Nikapanda. Mifuko nimechana yote. Shingo sikufukia hata moja. Hilo hakuna wa kunilaumu.

Kinyozi amepewa kazi ya kukata ua wa mbele ya ofisi, kivulini, kwa mashine ya petroli. Zamani alikuwa na kiti chake cha kunyolea watu mjini kwao. Anasema aliyenyoa vichwa vya wanadamu hashindwi na ua, maana ua hauna kisogo wala haudai kioo. Kutwa nzima anapigiwa makofi na makarani wa kike dirishani. Mimi kutwa nzima napigwa jua la kisogo.

Jumapili, 19 Machi

Nimepiga simu nyumbani. Afadhali nisingepiga.

Mama watoto alikuwa na furaha. Mtoto ameanza kusema. Nikamwuliza anasema nini. Akacheka, akajaribu kuhamisha maneno, nikamng'ang'ania. Basi akasema mtoto anamwita mdogo wangu baba. Akimwona anakuja na jembe begani, anamkimbilia kwa matako, baba, baba.

Nikauliza nani amemfundisha. Akasema hakuna aliyemfundisha. Nikasema lazima yuko. Hapo sauti yake ikabadilika. "Utamgombeza mtoto wa mwaka mmoja? Anayemwona ndiye anayemwita. Njoo akuone."

Mdogo wangu akachukua simu, akacheka sana, shikamoo kaka, usijali kaka, namtunzia tu nafasi yako. Nafasi yangu! Kama ya kwenye foleni. Nilikata simu.

Sikuweza kukaa chumbani. Nikaenda mteremkoni, Jumapili, bila kutumwa. Nikafungua mpira wa maji. Maji ya huku ni ya bure na ya nguvu, matangi yako hapo juu yamejaa. Nikaipa miti yote ndoo moja moja. Kisha nikaanza tena safu ya kwanza, nikazipa safu zote mara ya pili.

Nitaipa kila siku. Ndoo moja kwa wiki ni maneno ya mtu anayebeba maji kichwani. Mimi nina mpira.

Jumatano, 29 Machi

Kijani. Yote. Hata majirani wa barabarani wanasimama kutazama.

Namwagilia asubuhi kabla ya chai, na jioni nikitoka kazini. Mama watoto humwagilia mboga zake mara mbili kwa siku na zinamea mpaka anagawa. Mti ni mti.

Kinyozi amegundua. Aliniuliza leo mbele ya wenzetu kama naiogesha miti au naibatiza. Kisha akasema kwa sauti yake ile ya kinyozi, ya kumshauri mteja, kwamba hata kichwa ukikilowesha kutwa kucha ngozi inanuka. Nikamwambia aende akanyoe ua wake. Anaumia. Alitaka likizo hii, namjua. Mama yake ni mgonjwa wa miguu, anamzungumzia kila siku. Kila mtu ana mama.

Jumanne, 11 Aprili

Karatasi ya mkaguzi imekuja. Fasta aliisoma mbele yangu, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Nikadhani itataka urefu, unene, mambo ya kitaalamu. Hapana. Kuna mistari mingi ya ukuta na mifereji na taa. Ya miti ni mstari mmoja tu: miti yote iwe kijani siku ya ukaguzi.

Fasta akafurahi mno. Kijani tu! Hajasema iwe mirefu, hajasema iwe minene, hajasema izae. Akanipiga begani. Tangu nije hapa ndiyo mara ya kwanza mkono wake kunigusa bila kunisukuma.

Mvua imeanza. Mimi pia sijaacha.

Alhamisi, 20 Aprili

Kuna kitu hakiko sawa.

Safu tatu za chini, karibu na barabara, zimepauka. Si kukauka, bado ni kijani. Lakini ni kijani cha nguo iliyofuliwa sana. Nikafikicha. Hakuna penseli. Hakuna harufu kabisa, na magamba yamevunjika vidoleni kama biskuti.

Nikakwangua gome kwa ukucha. Kahawia. Nikaenda mti wa pili, kahawia. Wa tatu, kahawia. Nikapanda juu mpaka safu ya kwanza chini ya matangi, nikakwangua. Mbichi, kijani, unyevu unanata kwenye ukucha. Nikashuka tena mbio nikikwangua njiani. Juu hai. Chini kahawia. Nilikwangua safu zote tatu, mti kwa mti, mpaka ukucha ukatoka damu.

Wiki tatu zimebaki.

Kuna harufu mbaya pale chini, kitu kilichooza. Na kwenye njia ya kupita, karibu na safu ya mwisho, nimeona matone ya oili. Meusi, mapya. Nani hapa anatembea na dumu la oili? Mmoja tu. Mashine ya ua inakunywa oili kama mlevi.

Ninamjua sasa.

Ijumaa, 21 Aprili

Nilimngoja mlangoni mwa stoo. Nikamwambia mbele ya watu kwamba amemwaga oili kwenye miti yangu. Alidhani natania. Akaniuliza ipi, hii inayoogelea? Wakacheka. Nikamshika shati.

Tuliangukia kwenye matoroli. Yeye ana nguvu za mikono, mimi nina hasira. Alikatika kiganjani na ukingo wa toroli, nami nina nundu hapa juu ya jicho. Fasta alikuja akatutenganisha kwa buti.

Nikamwambia Fasta kila kitu. Matone, dumu, wivu wa likizo. Sikumwambia safu tatu zimekufa. Nilisema tu kwamba amejaribu kuziua, nikamwahi. Hilo niliona mapema: akijua zimekufa, likizo imekwisha leo hii. Kinyozi akaapa kwa mama yake kwamba oili inavuja tu kwenye mashine, njia nzima ina matone, hata mbele ya ofisi. Fasta hakwenda kutazama. Yeye husikiliza wa kwanza, wa pili humchosha.

Kinyozi ameondolewa kwenye ua. Anabeba mawe ya ukuta mpya, juani, na kiganja kimefungwa kitambaa.

Ni usiku. Amelala kaelekea ukutani. Na bado.

Jumatano, 26 Aprili

Naandika haraka haraka ili nisiendelee kuyafikiria.

Mama Kitalu alikuja kukusanya mifuko yake mitupu, huitumia tena. Nikamchukua pembeni. Nikamwambia kuna mtu amemwaga oili kwenye miti, anisaidie kujua kama itapona. Aliteremka moja kwa moja mpaka safu ya chini, akapiga magoti, akaushika mti kwa shina, yeye mwenyewe aliyetukataza! Akavuta. Ukatoka wote kama kijiti kwenye uji.

Shimo lilijaa maji chini. Meusi. Mizizi ilikuwa myeusi pia, akaipitisha vidoleni na ngozi yake ikavuka kama soksi, ikabaki nyuzi nyeupe. Harufu ile. Ilikuwa inatoka humo muda wote.

Alinipa ninuse. Akaniuliza oili iko wapi.

"Ulikuwa unaipa ndoo ngapi?"

Nikasema mbili. Akauliza mbili kwa wiki? Nikasema kwa siku. Na mvua? Nikasema hata siku za mvua.

Sijawahi kuona mtu akikasirika bila kupaza sauti. Alikaa chini pale pale kwenye tope, mti mapajani. Alisema maji yote ya safu za juu hutambaa chini ya udongo na kuishia kwenye vyungu vya chini, na hayana pa kutokea. Alisema miaka mitatu ameilea, mimi wiki sita tu nimeinywesha mpaka imekufa. Nikamwambia lakini ni ya kijani. Ndipo akanieleza. Mwerezi ukifa mizizi, juu hubaki na rangi yake mwezi, miezi miwili. Majani mengine hunyauka yakakuonya. Huu unasimama tu. Hii ya chini ilikufa siku nyingi. Itaanza kuwa kahawia mwanzoni mwa Juni, na itakuwa yote kwa mara moja.

Mwanzoni mwa Juni. Ukaguzi ni tarehe 12 Mei.

Sijui kama aliona nilichokuwa nahesabu. Nadhani aliona. Alisema yeye ameuza na amekabidhi, wala hataitwa siku ya ukaguzi. Kusema au kutosema ni shauri yangu. Safu za juu bado zina uhai, nikichimba mtaro wa kutolea maji na nikiacha kabisa kumwagilia. Safu za chini nizing'oe, nipande mipya mwezi wa kumi na moja, na mashimo nitoboe kuta kwa sururu.

Akairudisha ile maiti kwenye shimo lake, akaifukia vizuri mpaka shingoni, akaigandamiza kwa kiganja. Mazoea tu. Kisha akachukua mifuko yake akaenda.

Kinyozi hakufanya lolote. Alinionya. Ngozi inanuka, alisema.

Jumamosi, 29 Aprili

Siku tatu nachimba mtaro kwa sururu, chini ya safu ya tano. Fasta alikuja kuuliza huo mfereji nani ameuagiza. Nikamwambia ni wa kupitisha mvua isiharibu barabara ya bosi. Akasema fasta basi.

Maji yalitoka. Yalitoka siku nzima, meusi, kama mtu anayetapika.

Safu za juu zinanukia bado. Hizo zitaishi.

Sijamwambia Fasta habari ya Kinyozi. Jana nilifika mpaka mlangoni kwake. Nilikuwa na maneno tayari: nilikosea, ni mimi. Lakini angeuliza, wewe nini? Na ili kumtoa Kinyozi kwenye mawe lazima niseme miti imekufa, na nikisema imekufa, Novemba. Nimejaribu kutafuta sentensi ya kumtoa yeye bila kujiingiza mimi. Nimekaa nayo kwenye daftari hili ukurasa mzima, nimeuchana. Haipo.

Jumapili, 7 Mei

Simu. Mama watoto ameweka picha yangu juu ya meza, ile ya kitambulisho niliyoikuza. Kila asubuhi anampeleka mtoto mbele yake, anamshika kidole, anamgusisha. Huyu nani? Jana mtoto alisema mwenyewe bila kushikwa. Baba. Akaigonga picha mpaka ikaanguka.

Nilisikia wakicheka wote. Na mimi nilicheka, nikamgeuzia Kinyozi mgongo ili asinione uso. Chumba hiki ni vitanda viwili na ndoo, hakuna pa kwenda na uso wako.

Mama watoto aliniuliza, utafika lini, watu wanauliza. Nikasema Jumapili ijayo, mchana. Akasema nisimwambie kitu nisichokijua, maana Desemba pia nilimwambia naja.

Nikasema hii naijua.

Alhamisi, 11 Mei

Kesho. Fasta ametupa kazi ya kufagia hata mawe. Mimi ameniambia niinyunyizie miti maji asubuhi, ing'ae. Nilizinyunyizia safu za chini tu, juu juu, kwa brashi ya rangi. Kuipaka maiti mafuta.

Kwa mbali huwezi kujua. Nilisimama barabarani nikaitazama kama mkaguzi atakavyoitazama. Ni miti mizuri. Imenyooka. Upepo ukipita inayumba sawasawa na ya juu.

Mchana nilikuwa najaribu maneno. Mheshimiwa, safu tatu za chini zimekufa, nilizizamisha mimi. Nilijaribu kwa sauti, peke yangu. Ni maneno mafupi. Darasa la nne linatosha.

Ijumaa, 12 Mei

Mkaguzi ni mama wa makamo, viatu vya kazi vilivyochakaa kwelikweli, na ubao wa kuandikia umefungwa kamba shingoni. Nilitegemea mtu wa kitambi ambaye hatashuka njiani. Huyu alishuka. Alipita safu kwa safu, akihesabu kwa ncha ya kalamu. Fasta nyuma yake, mimi nyuma ya Fasta. Kinyozi na wengine walisimama juu kwenye mawe yao wakitutazama.

Safu ya kwanza aliifurahia. Aliinusa. Alisema utotoni kwao kulikuwa na msitu mzima wa hii, wakaumaliza kwa nguzo, na ndiyo maana ameililia bodi ipande ya kienyeji, wasilete mapambo ya nje. Akasifu mtaro. Nani aliwaza mtaro? Fasta akajipiga kifua.

Safu ya tano. Ya sita. Hapo mwendo ulipungua. Alishika tawi akaligeuza.

"Huu umepauka kidogo."

Fasta hapo hapo akasema ni vumbi la barabarani, mheshimiwa, malori. Mama yule hakumtazama Fasta. Alinitazama mimi, akaniuliza kama ndimi ninayeitunza. Nikasema ndimi. Akangoja. Mtu wa namna hiyo akikungoja unajua kwamba chochote utakachosema atakiandika.

Nikasema, "Vumbi, mama."

Akaachia tawi. Akaandika. Alipogeuka kupanda juu niliona karatasi, nikasoma: miti, kijani, yote.

Saa nane Fasta aliniita ofisini, fomu ya likizo iko mezani, ameshatia sahihi yake ile kama mjeledi. Aliniacha nijaze mwenyewe tarehe, kwa kuwa mimi ni profesa. Kisha akasema nani atabaki na miti? Akajijibu. Alicheka kabla hajalitaja jina. Akamwita Kinyozi kutoka kwenye mawe, akamwambia wewe uliyetaka kuiua, sasa uilee. Mkaguzi anapita tena katikati ya Juni kuangalia taa. Akikuta hata mmoja umekauka, Kinyozi asije hata kuchukua nguo zake. Ikiwa mizima, yeye ndiye anayefuata kwenda kwao.

Kinyozi alimshukuru. Alimshukuru kweli, kofia mkononi. Kile kiganja kimepona vibaya, vidole viwili havikunjiki.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Mfuko wangu uko mlangoni, umefungwa. Basi linaondoka kesho alfajiri, siku moja na nusu njiani.

Kinyozi ameingia sasa hivi, amenawa, amekaa kitandani kwake akinielekea. Wiki tatu hatujasemeshana. Amekohoa. Amesema yaliyopita yamepita, kaka, mama yake amefurahi sana aliposikia. Kisha ameniuliza.

"Hiyo miti, maji huwa unaipa kiasi gani? Nisije nikaharibu."

Nimemwambia ngoja nimalize kuandika. Amesema sawa, andika, hana haraka. Ameweka mikono magotini. Anangoja.

Fomu iko hapa chini ya daftari. Nimejaza kwa kalamu, si kwa penseli: mfanyakazi atarudi kazini Jumatatu, tarehe 5 Juni.